Muuguzi Mpya na Kituo Chake cha Kwanza

Kijana aliyehitimu uuguzi huivaa sare yake mpya kwa furaha, lakini usiku wa kuamkia siku ya kwanza kazini wengi hukosa usingizi. Hujiuliza: Itakuwaje nikikosea dawa? Itakuwaje nikiitwa kwa mgonjwa na daktari hayupo? Je, kituo nilichokichagua kinanifaa? Maswali hayo si dalili ya udhaifu. Ni dalili kwamba mwenyewe ameufahamu uzito wa kazi aliyokabidhiwa.

Kuchagua kituo

Nchini Kenya hapana aruhusiwaye kuuguza watu kabla ya kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Wauguzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Akiisha kuipata leseni hiyo, ndipo uchaguzi uanzapo. Mjini Mombasa, kisiwani iko hospitali ya Coast General, ambayo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka pande zote za Pwani. Bara iko hospitali ya Port Reitz upande wa Changamwe, hospitali ya Likoni ng'ambo ya feri, na vituo vya afya vya Kisauni. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti. Ziko pia hospitali za watu binafsi na za mashirika ya dini.

Kila mahali pana faida yake na taabu yake. Katika hospitali kubwa, muuguzi huona maradhi ya namna nyingi, na mabingwa wako karibu. Lakini huenda akakaa miezi katika wodi moja tu. Katika kituo kidogo, siku hiyo hiyo hupima watoto uzito, huchanja, husafisha vidonda na kuzalisha. Lakini mtu wa kumwuliza huenda akawa mbali.

Wengi hutazama mshahara kwanza, nao si jambo la kudharau. Walakini swali lililo bora kwa mwaka wa kwanza ni hili: Ni nani atakayenifundisha? Kabla ya kukubali kazi, yafaa kuuliza kwa adabu: Zamu ya usiku ina wauguzi wangapi? Mgonjwa akizidiwa, huitwa nani? Mgeni hufanya kazi kwa muda gani kando ya mwenyeji? Na je, ajira ni ya kudumu au ya mkataba?

Hofu ya kukosea

Hofu hii ina dawa yake, nayo ni utaratibu. Kabla ya kutoa dawa yoyote, muuguzi hana budi kuhakikisha mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ya kuitoa ndiyo, na saa ndiyo. La kwanza lataka uangalifu sana katika Pwani, kwani katika wodi moja wanaweza kulala akina Fatuma Ali wawili. Haitoshi kuita jina. Yapasa kuuliza majina matatu, kumtaka mgonjwa aseme umri wake, na kulinganisha na faili.

Na akikosea je? Aseme papo hapo kwa msimamizi wa zamu, na kuandika. Wauguzi huwaonya wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nao wenyewe yawapasa kulishika neno hilo. Kosa lililosemwa mapema mara nyingi laweza kutibika. Lililofichwa humdhuru mgonjwa usiku, wakati hakuna ajuaye cha kumfanyia.

Kuita msaada si aibu

Mfano ni huu. Mama amejifungua salama katika kituo kidogo upande wa Likoni, kisha damu yatoka bila kukoma. Mama mwenye afya njema aweza kufa kwa damu hiyo katika saa chache. Akihitaji kupelekwa kisiwani, kwa kawaida gari huvuka Kilindini kwa feri, na feri ina foleni yake. Muuguzi mpya aonaye haya kumwamsha mkubwa wake, akasema "ningoje kidogo nione," amekwisha kuutumia muda ambao mama hana. Yampasa aite msaada mara moja, alisugue tumbo la uzazi, atoe dawa ya kulikaza kama alivyofundishwa, na gari litafutwe wakati huo huo. Mkubwa aliyeamshwa bure atarudi kulala; mama aliyecheleweshwa huenda asirudi kwa watoto wake.

Safari ya mbele

Vijana wengi hutamani kwenda ng'ambo, hasa tangu mwaka 2021, Kenya ilipotia sahihi mapatano na Uingereza juu ya wauguzi. Si vibaya kutamani. Lakini mkono uliozoea kazi nyumbani ndio utakaotumainiwa ugenini.

Mwaka wa kwanza ukiisha, hofu haitakuwa imekwisha yote, wala haifai iishe. Hiyo ndiyo imfanyayo muuguzi asome kibandiko cha chupa mara ya pili. Naye mgeni mwingine atakapofika wodini na maswali yale yale, ajibiwe kwa upole, kwani kuuliza si ujinga, na jibu lake ni uhai wa mtu.