Simu Imepotea? Kaa Hapa Kwanza, Mdogo Wangu

Mdogo wangu yeyote akinijia analia kwamba simu yake haipo, swali langu la kwanza ni moja: umeiangusha au umenyang'anywa? Msinione mkatili kuuliza kabla sijatoa pole. Jibu hilo ndilo linaloamua utakachofanya katika nusu saa inayofuata, na nusu saa hiyo ukiipoteza, kazi inakuwa mara mbili.

Kama umeisahau kwenye daladala, saluni au bajaji, usikimbilie kufunga laini. Ukiifunga, mtu mwema aliyeiokota hatakuwa na njia ya kukupata. Azima simu ya jirani, na kabla ya kupiga tuma ujumbe: "Habari, simu hii ni yangu, nimeidondosha. Naomba unipigie kwa namba hii." Kwenye simu nyingi ujumbe huo unaonekana juu ya kioo hata kama simu imefungwa kwa namba ya siri. Kisha piga, pumzika, piga tena. Ukipiga mfululizo, chaji inaisha na simu inazima, hapo hata aliyetaka kukusaidia anashindwa.

Akipokea, tafadhali ongea kwa heshima. Wapo wanaoanza kwa matusi na vitisho vya polisi, na mtu aliyekusudia kuirudisha anaingiwa na hofu, anachomoa laini na kuitupa. Msalimie, mshukuru, mwombe mkutane mahali penye watu, kwa mfano dukani au kwa wakala wa pesa. Nenda na mwenzako. Na hela ya soda usingoje aiombe. Ameacha shughuli zake kwa ajili yako, mtu usiyemjua. Lakini anayetaka umtumie nauli kabla hujaiona simu, au anayeomba namba yako ya siri ati ahakikishe ni yako, achana naye.

Sasa kama ni vishandu, wale wa kupita na pikipiki wakanyakua simu sikioni, mambo ni mengine. Hapo funga laini kwanza. Najua macho yako yako kwenye kifaa, maana umekinunua kwa shida. Mwizi mjanja anaitazama laini. Akiichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine, anapokea namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe, na kwa hizo anaweza kuingia WhatsApp yako na barua pepe yako, kisha anaanza kuwaandikia shangazi na wajomba kuomba pesa kwa jina lako. Hapa Tanzania azima simu yenye laini ya mtandao wako, piga 100, omba wafunge laini pamoja na akaunti ya pesa. Waambie ndugu mapema, hasa wazee, kwamba ujumbe wowote wa kuomba hela si wako. Halafu nenda ofisi ya mtandao na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), uweke kidole, urudishiwe laini. Ukishaifungua WhatsApp kwenye simu nyingine kwa namba hiyo, kule kwa mwizi inatoka.

Ndipo ugeukie kifaa. Kama ni Android, fungua android.com/find kwenye simu ya mtu unayemwamini, ingia kwa akaunti yako, ifunge na uandike namba ya kupatikana kwenye kioo chake. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufuta kila kitu kuwe hatua ya mwisho, kwa sababu ukishaifuta huwezi tena kuiona kwenye ramani. Wenye iPhone, washeni hali ya kupotea, na msiitoe simu kwenye akaunti yenu hata mtu akiwasihi vipi. Kufuli hilo la akaunti ndilo linalomzuia mwizi kuiuza ikiwa nzima. Siku chache baadaye unaweza kupata ujumbe mzuri wenye kiungo, unasema simu yako imeonekana, ingiza neno la siri. Usiguse. Huyo ni yeye, anatafuta ufunguo.

Jambo linaloniumiza moyo zaidi ni hili la kufuata kidoti cha ramani. Msichana anaona simu yake iko mtaa fulani, anachukua kaka zake wawili, wanaondoka usiku. Mdogo wangu, kidoti kile kinaweza kukosea kwa mita nyingi. Mahali nyumba zimebanana, kukosea kidogo tu ni mlango wa jirani asiyejua lolote. Ukipaza sauti ya "mwizi!" pale, huwezi kuirudisha mdomoni. Watu watakusanyika na mawe na petroli, na hakuna atakayesubiri ushahidi. Simu ya laki tatu, hata ya milioni mbili, haistahili uhai wa mtu, awe ameiba kweli au hajaiba. Piga picha ya ramani ile, ipeleke polisi.

Polisi, ukiwa umeibiwa unafungua jalada na kupewa RB, yaani namba ya taarifa yako. Ukiwa umeipoteza unachukua ripoti ya upotevu. Watakachokuuliza ni IMEI, zile tarakimu 15 za utambulisho wa kifaa. Ziko kwenye boksi, na ukiwa na simu mkononi unazipata kwa kubonyeza *#06#. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote kwenye daftari linalokaa nyumbani. Umuhimu wake ni huu: laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Kwa hiyo anayeweka laini yake kwenye simu yako anaacha jina kwenye kumbukumbu za IMEI hiyo. Ndiyo maana simu nyingine hupatikana baada ya miezi, mikononi mwa mtu aliyeinunua bila kujua asili yake. Kabla hujaomba kifaa kifungiwe mtandao, ongea na mpelelezi wako, maana simu iliyofungiwa haiachi tena nyayo za kufuata.

Na wewe unayenunua simu iliyotumika kwa bei ya chini ya kushangaza, dai boksi na risiti. Tuma IMEI kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu lisipofanana na unachokishika, ondoka. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na nyuma ya bei ile kuna mtu analia.

Mabinti, niwaambie na hili kwa sauti ya chini. Mtu akipata picha zako za faragha na kuanza kukutishia, usimlipe hata shilingi. Akilipwa mara moja atarudi. Usizifute jumbe zake, ndizo ushahidi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Nenda kituoni ukaombe Dawati la Jinsia na Watoto, uongozane na mtu mzima unayemwamini. Hukufanya kosa kuibiwa. Anayepaswa kuona aibu ni yule anayetishia, na sitaki kusikia mdogo wangu yeyote amejifungia ndani peke yake kwa sababu hiyo.

Simu ikirudi, furahi, halafu fanya kazi iliyobaki. Badilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya pesa. Angalia kama kuna programu usiyoitambua, na kama vifaa vya watu wengine vimeunganishwa kwenye WhatsApp yako. Bonyeza *106# uone kama kuna laini ngeni imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha rudi kituoni na RB yako, uwaambie imepatikana, na kama ilifungiwa mtandao omba ifunguliwe. Usipofanya hivyo, kwenye kumbukumbu zao simu iliyo mfukoni mwako bado ni ya wizi, na atakayesimamishwa nayo ni wewe.