Mbigili Haiulizi Bei

Haya wadogo zangu, kiangazi hicho. Alizeti zimeshapigwa, barabara za vumbi zimekauka, vyuo vinakaribia kufunga, na simu yangu imejaa swali moja kwa miandiko tofauti: Dada, tunataka kutembea kwa miguu tulale porini, ninunue godoro gani la upepo ambalo halitanimaliza mfukoni?

Wa leo yuko Singida mjini. Wenzake wanatoka Dodoma, na mwezi wa saba wamepanga kuzunguka upande wa msitu wa Mgori kwa siku chache, mabegi mgongoni. Amenitumia picha ya godoro alilolipenda. Zuri kweli, jepesi, ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa soksi, na muuzaji analisifia kwamba limetengenezwa kwa ajili ya theluji. Bei yake inatosha nauli ya kundi zima, kwenda na kurudi.

Mdogo wangu, theluji ya Singida iko wapi?

Sikucheki. Maduka yanauza joto kwa sababu joto ndilo lenye bei kubwa. Ukilala chini, ardhi inanyonya joto la mwili kupitia mgongo, na shuka ulilojifunika juu haliwezi kuzuia hilo. Hata ule mfuko mnene wa kulalia, sehemu unayoilalia inabanwa, hewa yote inatoka, unabaki umelalia kitambaa kitupu. Ndiyo maana godoro lina kazi mbili, kukulainishia na kukutenga na ardhi. Hii ya pili hupimwa kwa namba inayoandikwa R. Godoro la R 1 hadi 2 ni la majira ya joto. Kuanzia 4 kwenda juu ni la watu wanaolala penye barafu. Kila namba inavyopanda, unailipia kwa pesa au kwa uzito, na mara nyingi kwa vyote viwili. Huko Marekani godoro la kawaida la R 1 na kitu unalipata kwa chini ya dola 60, wakati yale ya theluji, mepesi, yanavuka dola 200.

Singida mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba alfajiri kuna kibaridi, na kuna upepo usio na adabu, kwa hiyo asikudanganye mtu wa Dar kwamba bara nzima ni jua tu. Lakini ni baridi ya soksi na shuka la Kimasai. R ya 1 au 2 inakutosha. Wanawake wengi husikia baridi mapema kuliko wanaume, nasi tunajijua, basi beba kile kimkeka chembamba cha mazoezi kinachouzwa kwenye maduka ya michezo ukitandike chini ya godoro. R ya kimkeka na R ya godoro zinajumlishwa. Umepata godoro la joto zaidi bila kununua jingine.

Kuna jambo moja tu litakalonifanya nibadili maneno: kama mtaunganisha na Hanang. Mlima uko jirani hapo Manyara, unapanda mita zaidi ya 3,400, na kulala juu kule si sawa na kulala Mgori. Kwa usiku huo mmoja au miwili, azima. Usinunue godoro la mlima kwa ajili ya kulilalia bondeni mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye adui mwenyewe. Kinachoua godoro la upepo Singida ni mwiba. Nyie mmekulia huko, mnaijua mbigili kuliko mimi: kijimea kinachotambaa chini, maua ya njano ya kupendeza, halafu vitunda vikavu vyenye pembe ngumu, ambavyo namna yoyote vitakavyoanguka, kuna pembe moja inaangalia juu. Inatoboa ndala. Inatoboa tairi la baiskeli. Juu ya mbigili kuna migunga, yenye ile miiba mirefu myeupe inayodondoka ikafichwa na majani makavu. Godoro la theluji la rafiki yetu limeshonwa kwa kitambaa chembamba kabisa ili liwe jepesi, kwa watu wanaolala juu ya theluji laini. Ulilete Mgori uone kama litafika usiku wa pili.

Kwa hiyo pesa yako ipeleke kwenye kitambaa. Uzito wa uzi hupimwa kwa dinia, na kwenye maelezo ya godoro huandikwa namba ikifuatiwa na herufi D. Maana yake ni nyepesi: mita 9,000 za uzi wa 20D zina uzito wa gramu 20, za uzi wa 75D, gramu 75. Magodoro ya kifahari hucheza kwenye 20D au 30D. Kwa nchi yenye miiba mimi naanzia 40D, na upande wa chini ukiwa 70D au 75D ndiyo nalala usingizi. Litakuwa zito kidogo, kama gramu mia moja au mbili zaidi. Zibebe.

Halafu angalia lilivyopakwa kwa ndani. Nailoni peke yake haishiki hewa. Lazima ipakwe plastiki. Plastiki nzuri kwa kazi hii ni ile inayoandikwa TPU. Ile ya PVC ni nzito, inanuka, na baada ya muda inakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Na hapa naomba tuelewane kuhusu lile godoro lenye manyoya manyoya juu, la kulalia wageni sebuleni, linalokuja na pampu ya mguu. Hilo ndilo godoro la upepo ambalo wengi wetu tunalijua, na kwa sebule halina ubaya. Lakini ni PVC, linaweza kufika kilo mbili au tatu kabla hujagusa pampu, na hewa yake yote iko kwenye chumba kimoja kikubwa, ikizunguka na kukupozea mgongo usiku kucha. Kwa begi la mgongoni, kataa hata ukipewa bure.

Uzito nauona wasichana wanaudharau wakiwa dukani na kuulilia njiani. Karne ya 19, misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipita Mgunda Mkali, lile pori kame la vichaka ambalo leo sehemu yake kubwa iko Manyoni na Itigi. Mpagazi alibeba mzigo wa mwenye msafara, pembe au vitambaa, mara nyingi karibu kilo 30, na juu ya huo akaongeza vyake mwenyewe: chakula, chungu, na mkeka wa kulalia. Pamoja na taabu ile yote, mkeka hakuuacha. Wewe unaruhusiwa godoro la gramu 500 hadi 700, na hapo usininung'unikie.

Vipimo vingine nitavipitia haraka. Urefu wa kawaida ni sentimita 183, upana 51. Kama ni mfupi, au unakubali kuweka miguu juu ya begi, lile la sentimita 120 ni jepesi na rahisi zaidi. Unene ndio wa kuutazama kwa makini: anayelala chali anatosheka na sentimita 5, anayelala ubavu, na hasa sisi wenye nyonga, atafute 7 au zaidi, la sivyo usiku wa manane nyonga itagusa ardhi na utaamka umekasirika bila kujua umemkasirikia nani. Kuhusu kelele, yapo magodoro yanayochakarika kila ukigeuka. Lilalie dukani ugeuke mara mbili tatu, na muuzaji akishangaa mwache ashangae.

Mahali pa kununua ni suala la subira. Moshi na Arusha ndiko vifaa vya wapanda mlima vinakozunguka: wageni wakimaliza Kilimanjaro huwaachia waongozaji na wapagazi vitu, na vingine huishia sokoni. Mitumba nayo huleta ya kwake. Ukiwa na ndugu kule, mtume. Ila kwenye mtumba msiiamini sana namba ya R. Kabla ya 2018 kila kampuni ilijipimia kivyake. Mwaka huo ndipo huko Marekani ilipotoka kanuni moja ya upimaji, ASTM F3340, na kampuni kubwa zikaanza kuifuata. Godoro la zamani lenye R ya kujisifu lichukulie kama sifa za mshenga.

Kabla hujatoa pesa, lijaze upepo mpaka likaze, lifunge, lilalie, kisha kaa hapo upige soga na muuzaji kwa nusu saa. Bonyeza kando ya valvu. Pitisha shavu karibu na mishono, shavu linasikia upepo mdogo ambao kiganja hakiusikii. Ukiona uvimbe kama nundu, vile vijichumba vya ndani vimeachana na hakuna fundi atakayevirudisha. Rudisha wewe, kwa mwenyewe. Valvu ninayoipenda ni pana, bapa, yenye kilimi ndani kinachozuia hewa isirudi unapovuta pumzi. Na kama hata la bei ya chini kabisa linakushinda, au unakwenda porini mara hii moja tu, nunua kile kimkeka cha mazoezi peke yake, unene sentimita moja. Hata kikitobolewa, hakina upepo wa kutoka. Nyonga zitasema, lakini hutaamka umelala juu ya mfuko mtupu.

Umeshanunua. Sasa mlifikishe kambini salama. Msitu wa Mgori vijiji vya jirani vilianza kuulinda wenyewe miaka ya 1990, kwa hiyo pitieni ofisi ya kijiji kwanza, mjitambulishe, muulize na kibali cha msitu. Mkipata mahali pa kulala, fagieni kwa tawi lenye majani, msitumie mikono, kuna nge. Kisha piteni na ndala mkikanyaga kila pembe, mgeuze soli na kuhesabu mbigili zilizonasa. Tandikeni turubai, au viroba viwili vya alizeti vilivyopasuliwa na kushonwa pamoja, ndipo godoro. Mkipata bamba la mwamba, na Singida mawe si ya kutafuta, lina faida zake: halina mbigili, na limeshika joto la mchana hadi usiku unaanza kukolea. Ila chembe zake zinakwaruza kitambaa, kwa hiyo viroba ni vya lazima hapo pia. Na msiache godoro lililojazwa likiwa peke yake juu ya jiwe. Upepo wa huko utalichukua mkilitazama.

Msijaze kwa mdomo kila siku. Pumzi ina unyevu, na unyevu ukikaa ndani unaleta ukungu. Mfuko mkubwa wa plastiki uliofungwa kwa mpira kwenye valvu unafanya kazi ya pampu. Asubuhi toeni upepo, msiliache limekaza juani mkienda kuchota maji. Hewa ikipata moto inatanuka na ndiyo inayozaa zile nundu.

Hili nalo wengi hawalijui. Umelijaza jioni nyuzi 30, alfajiri zimeshuka hadi 15, na godoro limelegea. Halijatoboka. Hewa ikipoa inasinyaa, na tofauti hiyo tu inapunguza kiasi cha sehemu moja kati ya ishirini. Liongezee pumzi mbili kabla ya kulala, baada ya hewa kupoa. Likiwa bapa kabisa saa nane za usiku, hapo ndipo umkumbuke aliyekuuzia.

Kutafuta tundu msilizamishe ziwani. Singidani na Kindai ni maji ya chumvi, yakikauka yanaacha chembe kwenye valvu. Povu la sabuni kwenye kitambaa linatosha: pitisha taratibu, panapotoa vipovu ndipo. Zungushia kalamu, kausha, futa kwa spiriti, bandika kiraka. Na kiraka chenyewe kiwe cha TPU, chenye gundi yake. Solushen ya fundi baiskeli ni ya mpira, kwenye nailoni inashika leo na kubanduka kesho. Supaglu ndiyo kabisa, inakauka ngumu, ukilikunja godoro inakatika. Kiraka cha akiba kina uzito wa karatasi, bebeni viwili.

Mwingine ameniuliza pembeni kama si nafuu yeye na mwenzake wanunue moja la watu wawili wagawane bei. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Porini mmoja akigeuka mwingine anarushwa, mbigili moja inawalaza wote chini, na siku mkikosana sijui nani atabaki na godoro na nani na pampu. Kila mtu na lake. Na kama huyo mwenzako ndiye yule uliyenificha mwaka jana, basi barua yako ijayo ianze na habari ya mahari, magodoro tutaongea baadaye.