Mlima Jumamosi, kupokezana Jumapili?

SWALI: Jumamosi nataka kukimbia hadi Morningside, juu kwenye milima ya Uluguru, na kurudi, Jumapili nakimbia zamu ya mwisho ya triathloni ya kupokezana. Nitaweza? – Msomaji, Mafiga, Morogoro.

JIBU: Utaweza, ila utaiponza timu. Kinachoumiza zaidi Uluguru ni kushuka: misuli ya mapaja hukaza huku ikirefushwa, nyuzi zake huchanika kidogo, na maumivu hupamba moto kati ya saa 24 na 72 baadaye, zamu yako ikiwa imewadia. Utasema wakimbiaji wa milimani hushuka kila wiki. Kweli, lakini misuli yao imezoeshwa kidogo kidogo. Ugali wa usiku hurudisha nguvu. Lakini nyuzi zilizochanika huhitaji siku kadhaa. Jumamosi kimbia tambarare, polepole, dakika 30. Mwogeleaji na mwendesha baiskeli wanakutegemea. Mlima uachie wiki nyingine.