NYOKA WA SHABA, KIVULI CHA MSALABA

Somo: Hesabu 21:4-9; 2 Wafalme 18:1-4; Yohana 3:1-15

Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi, wapendwa wasomaji, na tuwafikirie Waisraeli kule jangwani. Wamekwisha kutafunwa, na ndugu zao wengine wamekwisha kuzikwa. Nao wanaambiwa kwamba atakaye kupona na atazame. Atazame nini? Nyoka! Si unyasi, bali sanamu ya nyoka yenyewe, ya shaba, imetundikwa juu ya mti.

Makanisa mengi yanayofuata mpango wa masomo wa miaka mitatu husoma habari hii Jumapili ya nne ya Kwaresima, katika Mwaka B, pamoja na Yohana 3. Lakini twadhani wengi wetu huisikiliza upesi upesi, tukingojea Yohana 3:16, mstari tunaoujua kwa moyo tangu shule ya Jumapili. Leo na tusimame kidogo kwenye mstari wa 14.

Kwanza habari yenyewe. Haruni amekwisha kufa juu ya mlima Hori, na watu wamemlilia siku 30. Mfalme wa Edomu amekataa wasipite katika nchi yake, kwa hiyo wanalazimika kuizunguka, wakishika njia ya kuelekea Bahari ya Shamu, yaani kule walikotoka. Mtu aliyetembea miaka karibu 40 akaona anarudishwa nyuma, moyo wake hufa ganzi. Hatuwatetei, ila yafaa tuwaelewe. Wakanung'unika juu ya Mungu na juu ya Musa, wakaidharau mana, chakula walichopewa bure kila asubuhi. Ndipo nyoka wakaja, na watu wengi wakafa.

Sasa tuangalie vizuri walichoomba na walichopewa, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Walimwomba Musa awaombee ili Mungu awaondoe nyoka. Ni ombi la haki. Sisi sote tungaliomba hivyo. Lakini Maandiko hayasemi kwamba nyoka waliondolewa. Yasema kwamba Mungu alimwagiza Musa afanye nyoka na kumweka juu ya mti, na kila aliyeumwa akimtazama ataishi. Nyoka walikuwa wangali mchangani, na watu walikuwa wangali wanaumwa. Dawa iliwekwa katikati yao, mahali pa kuonekana kutoka kila pembe ya kambi. Mzee asiyeweza kutembea aliweza kutazama. Mtoto mchanga aligeuzwa uso na mama yake. Aliyeng'ang'ania kutazama kidonda chake tu, akihesabu uvimbe unavyopanda mguuni, dawa ilikuwa haimfai kitu.

Twasema haya kwa sababu wako Wakristo wanaofadhaika wakiona kwamba baada ya kubatizwa na kuwekewa mikono bado majaribu yanawauma, hata wanawaza kuwa labda wokovu wao si wa kweli. Ndugu, hata katika kivuli chake wokovu haukuwa kuhamishwa kutoka jangwani. Ulikuwa uzima kwa aliyeumwa, hapo hapo alipoumwa.

Katika miaka tuliyofundisha wanafunzi wa ualimu, kila tulipofika sura hii swali lilikuwa moja: kwa nini nyoka? Kwa nini asiwekwe mwana-kondoo juu ya mti ule, aliye mfano mzuri zaidi wa Bwana wetu? Nyoka ndiye aliyemdanganya Hawa, ndiye aliyelaaniwa katika Mwanzo 3. Tukiri kwamba miaka ya kwanza tulilikwepa swali hili. Baadaye tuliona kwamba jibu limo katika swali lenyewe. Kilichotundikwa ni mfano wa kile kile kilichokuwa kinaua. Nyoka wa shaba alikuwa na umbo la nyoka, kichwa na mkia, lakini hakuwa na sumu. Mtume Paulo aandika katika Warumi 8:3 kwamba Mungu alimtuma Mwanawe katika mfano wa mwili ulio wa dhambi. Na katika 2 Wakorintho 5:21, kwamba yeye asiyejua dhambi alifanywa kuwa dhambi kwa ajili yetu. Tena katika Wagalatia 3:13 akumbusha neno la Torati juu ya laana ya mtu aliyetundikwa mtini. Mwana-kondoo angetuonyesha usafi wa Kristo. Nyoka anatuonyesha mahali Kristo aliposimama, yaani mahali petu.

Na si sisi walimu tuliobuni ulinganifu huu. Bwana Yesu mwenyewe alimwambia Nikodemo, yule Farisayo aliyemjia usiku, kwamba kama Musa alivyomwinua nyoka jangwani, ndivyo Mwana wa Adamu naye hana budi kuinuliwa. Neno hilo la kuinuliwa Yohana alirudia katika sura ya 8 na ya 12, na katika Kigiriki lina maana mbili kwa pamoja: kupandishwa juu ya mti, na kutukuzwa. Waliomsulibisha walidhani wanamwaibisha, kumbe walikuwa wakimweka mahali pa kutazamwa na ulimwengu wote.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, waiita torati kivuli cha mema yatakayokuja. Mtu akija nyumbani kwako na jua likiwa mgongoni pake, kivuli chake hufika kizingitini kabla yake. Ukikiona wajua yuko mtu. Lakini hukiambii kivuli karibu, wala hukitengi chakula. Agano la Kale lote lina namna hii. Ibara ya 7 katika zile Ibara 39, zilizothibitishwa na Kanisa la Uingereza mwaka 1571, yafundisha kwamba Agano la Kale halipingani na Jipya, maana katika yote mawili uzima wa milele watolewa kwa wanadamu kwa njia ya Kristo.

Hata hivyo yatupasa kuwa na kiasi. Wako wahubiri wanaoona kivuli cha msalaba katika kila kijiti cha Agano la Kale. Jambo hili ni la kale. Klementi wa Roma, mwishoni mwa karne ya kwanza, aliona katika kamba nyekundu ya Rahabu ishara ya damu ya Bwana. Hilo twaweza kulipokea kama tafakari nzuri, ila tusijenge fundisho juu yake. Lakini mwandishi wa Waraka wa Barnaba (si ile iitwayo Injili ya Barnaba, kitabu kilichoandikwa karne nyingi baadaye) alikwenda mbali mno. Alichukua watumishi 318 wa Abrahamu katika Mwanzo 14, akahesabu kwa herufi za Kigiriki: 18 huandikwa kwa herufi mbili zinazoanza jina la Yesu, na 300 kwa herufi yenye umbo la msalaba. Ni werevu mwingi, lakini kitabu cha Mwanzo kiliandikwa kwa Kiebrania! Kanuni tuliyowapa wanafunzi wetu ni nyepesi: anzia pale Agano Jipya lenyewe linapokuonyesha kwa kidole, kama Yohana 3:14, na mengine yapime kwa hayo.

Tena hata kivuli cha kweli chaweza kuharibiwa. Nyoka yule alitunzwa miaka 500 na zaidi. Mfalme Hezekia alipotawala katika Yuda aliwakuta watu wakimfukizia uvumba, akamvunja vipande vipande. Jina lake lilikuwa Nehushtani, nalo lahusiana na neno la Kiebrania la shaba na lile la nyoka, ambayo hukaribiana kwa sauti. Fikirini, kitu kilichofanywa kwa amri ya Mungu, kwa mkono wa Musa, kilivunjwa, na Maandiko yamsifu aliyekivunja. Kitabu cha Hekima ya Sulemani, ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mafunzo ya mwenendo, chaeleza katika sura ya 16 kwamba aliyegeuka hakuokolewa na kile alichokitazama, bali na Mungu aliye Mwokozi wa wote.

Tumewahi kuona msalaba mdogo umefungwa kwenye uzi mmoja na hirizi, kiunoni mwa mtoto, vyote viwili vimkinge na kijicho. Mzazi yule hatumcheki. Alikuwa na hofu, na hofu ni kitu kizito. Lakini msalaba ule ulikwisha kuwa Nehushtani. Nasi tupendao kusoma tuna Nehushtani yetu: tunafurahia kuunganisha aya na aya, kivuli na kivuli, tukifunga daftari bila kumtazama Yeye.

Turudi kwa Nikodemo. Yohana hatuambii kwamba usiku ule alielewa. Katika sura ya 7 twamwona akimtetea Yesu kidogo barazani, kisha ananyamaza. Halafu sura ya 19: Bwana amekwisha kuinuliwa juu ya mti. Yusufu wa Arimathaya anauomba mwili, na Nikodemo anakuja naye akichukua manemane na udi, yapata ratili 100. Yule aliyeambiwa habari za kuinuliwa sasa anamfunga sanda kwa mikono yake.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasoma habari za Yona katika tumbo la samaki, pamoja na Mathayo 12:38-41. Wasomaji waisome kwanza nyumbani sura ya pili ya kitabu cha Yona, kwa sauti.