Kifua kikuu: kukitafuta kinapojificha, kukitibu mpaka kiishe

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliwazoesha wakazi wa Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusikia habari za mashine ya GeneXpert, iliyotumika katika maabara za huko kutafuta virusi kwenye damu. Mlipuko ulimalizika tarehe 25 Juni 2020. Wengi hawakujua kwamba mashine hiyo ilikuwa na kazi nyingine ya siku nyingi: tangu Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza itumike kutambua kifua kikuu. Kinachobadilika ni kartriji tu, ile ya Ebola ikitolewa na ya makohozi kuwekwa.

Kongo imo katika orodha ya nchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Duniani kote, mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua na milioni 1.25 wakafariki. Huo ni ugonjwa wenye dawa inayoponya.

Makohozi yanasema nini

Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayekonda, anayetokwa na jasho usiku au kukohoa damu, hupewa kikopo chenye kifuniko. Hutoka nje, penye hewa, mbali na wengine. Huvuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha hukohoa kutoka kifuani kabisa. Mate hayatoshi; kinachotakiwa ni makohozi mazito. Kikopo hufungwa vizuri na mikono hunawiwa.

Kwa darubini, mpimaji huhitaji bakteria kati ya 5,000 na 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili awaone. Kartriji mpya ya GeneXpert, iitwayo Ultra, huweza kuwatambua hata wakiwa 16 hivi. Jibu hutoka kabla ya saa mbili kuisha, na papo hapo linaonyesha kama bakteria hao wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu.

Shida ni kuifikia. Mashine inataka umeme, na kila kartriji ina bei: Septemba 2023, baada ya madai ya miaka mingi ya mashirika ya afya na ya wagonjwa, ilishuka kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Kwa watu wa Luofu na vijiji vingine vya Batangi, kusini mwa teritware ya Lubero, kuna pia milima, matope na barabara ambazo vita huzifunga. Ndiyo maana watafiti wanatafuta njia nyepesi zaidi. Nchini Uganda na Afrika Kusini wamejaribu kupangusa ulimi kwa kijiti chenye pamba, kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kutoa makohozi. Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine hufundisha panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na zile anazozishuku hupimwa tena maabara.

Kukohoa nako si kipimo cha kutosha. Uchunguzi wa jamii katika nchi nyingi umeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye bakteria kwenye makohozi hawakuwa na kikohozi cha kudumu wala dalili nyingine waliyoitaja. Kwa hiyo picha ya eksirei inayosomwa na kompyuta ilipendekezwa mwaka 2021 kwa kuwatafuta walio na umri wa miaka 15 na zaidi.

Kwa nini miezi sita

Bakteria wa kifua kikuu hawana haraka. Mmoja hugawanyika kuwa wawili kwa muda wa saa 20 hivi, na baadhi yao hutulia kabisa ndani ya uvimbe wa mapafu, karibu kama waliolala. Dawa nyingi huua wale wanaozaliana. Waliolala hubaki, na mgonjwa akiacha vidonge mapema kwa sababu amepata nafuu, ndio wanaoamka.

Jibu la tatizo hilo lilipatikana Afrika Mashariki. Kwenye utafiti uliotangazwa mwaka 1972, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walitibiwa kwa miezi sita tu, wakati desturi ilikuwa miezi 18. Watafiti Wallace Fox, Denis Mitchison na wenzao waliona kwamba kati ya waliopewa rifampisini pamoja na isoniazidi na streptomisini, karibu 3 tu kati ya 100 walirudiwa na ugonjwa. Bila rifampisini wala dawa nyingine iitwayo pirazinamidi, zaidi ya mmoja kati ya watano alirudiwa.

Utafiti unaendelea kuufupisha muda. Ule uitwao SHINE, uliohusisha watoto 1,204 wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, ulithibitisha mwaka 2022 kwamba miezi minne inatosha kwa mtoto ambaye ugonjwa wake si mkali. Kwa kifua kikuu sugu, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi tisa za Afrika zilizojaribu matibabu ya miezi tisa, na zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 walifaulu. Tangu Desemba 2022 kuna matibabu ya miezi sita ya vidonge vitupu, bila sindano.

Vita vinapomkuta mgonjwa akiwa kwenye dawa

Juni 2024, mapigano yalipofika Kanyabayonga, familia nyingi za kusini mwa Lubero zilikimbilia kaskazini. Mgonjwa anayelazimika kuhama hubeba vitu viwili kabla ya vingine: vidonge vilivyobaki na fishi ya matibabu, inayoonyesha alianza lini na amefikia wapi. Popote anapofikia, watoto wa nyumba yake walio chini ya miaka mitano huchunguzwa, na wasiougua hupewa dawa ya kinga. Matibabu ni bure katika vituo vya programu ya taifa. Aliyefika Butembo au Beni huenda kwenye kituo cha karibu siku hizo hizo, hata akiwa amepoteza fishi yake njiani.