JIFUNZE: Mwamba wa chini na mti wa juu

Katika miradi ya kupanda miti liko swali linalojirudia: kwa nini miche ya hapa imestawi na ya jirani imekauka, ilhali mvua ni ile ile? Mara nyingi lawama huwaangukia wanakamati, kwamba hawakumwagilia. Kabla ya kulaumu, tuangalie chini.

Mfano mzuri uko Unguja. Msitu wa Jozani, uliomo katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2004, una miti mirefu mahali penye udongo wa kina na maji ya ardhini yaliyo karibu. Ukitembea kidogo tu unafika maweni, juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na hapo ni vichaka vifupi.

Mwamba huo ni wa chokaa. Maji ya mvua huchanganyika na hewa ukaa, hasa iliyomo udongoni, yakawa asidi dhaifu inayoyeyusha chokaa. Chokaa ikiwa safi huyeyuka karibu yote na kuacha masalia machache, ndiyo maana udongo wa maweni ni haba. Nyufa nazo hupanuka, nyingine hadi kuwa mapango, na mvua huzama humo badala ya kubaki kwenye mizizi. Tena chokaa huzuia mimea isipate vizuri fosforasi na chuma. Majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Wakulima wa maweni wanalijua hili siku nyingi. Hawapandi kwa mistari, bali hutafuta vifuko vya udongo kati ya mawe. (Mradi unaodai mistari iliyonyooka huko unajitafutia hasara!)

Basi kamati ipime kwanza. Chomeni mtaimbo sehemu mbalimbali za shamba mjue kina cha udongo. Dondosheni siki juu ya udongo. Ukitoa povu, una chokaa nyingi. Hapo msiongeze jivu wala chokaa, hata kama mmefundishwa hivyo kwingine, tieni mboji. Mbuyu na mkwaju huweza kupenyeza mizizi kwenye nyufa.

Kwa wafadhili, tunaomba hesabu ifanywe kwa miche iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, si kwa iliyopandwa. Na choo cha shimo kisichimbwe karibu na kisima: nyufa zile zile hupeleka uchafu majini bila kuuchuja.