Injini Iliyoshinda Mara 155

Wenzangu wa darasa la ufundi hupenda kusema kwamba katika mashindano ya motokaa hushinda mwenye injini yenye nguvu kupita zote. Mimi siafikiani nao, na kwa ruhusa ya mhariri nitaeleza habari za injini iitwayo DFV.

Tangu mwaka 1966 sheria za mashindano makubwa, yaani Formula 1, ziliruhusu injini za lita 3 badala ya lita 1.5. Coventry Climax, waliokuwa wakiwauzia Lotus injini, hawakutaka kutengeneza nyingine. Colin Chapman, mwenye Lotus, alikuwa na madereva hodari lakini hana injini ya kutegemea. Akaomba msaada huku na huku, hata Ford ya Uingereza ikakubali kutoa pauni 100,000. Kazi ikapewa kampuni ndogo ya Cosworth, iliyoanzishwa mwaka 1958 na Mike Costin na Keith Duckworth.

Duckworth hakurukia kazi kubwa. Kwanza aliunda injini ya silinda 4, kila silinda na valvu 4: mbili za kuingiza hewa na petroli, mbili za kutoa moshi. Alipoona yafanya kazi vizuri, ndipo akaunda ile ya silinda 8, zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Kwa desturi injini hubebwa na fremu kama mzigo. DFV ilifungwa kwa bolti nyuma ya kiti cha dereva, na vyuma vya kushika magurudumu ya nyuma vikafungwa kwenye injini yenyewe na giaboksi. Basi injini ikawa uti wa mgongo wa motokaa. Fremu ya nyuma haikuhitajiwa, na uzito ukapungua.

Tarehe 4 Juni 1967, huko Zandvoort, Uholanzi, injini hiyo ilishindana mara ya kwanza. Graham Hill alianza mbele ya wote, lakini meno ya gia ndani ya injini yake yakavunjika. Mwenzake, Jim Clark, ambaye hakuwa ameiendesha motokaa ile kabla ya safari hiyo, akashinda.

Wakubwa wa Ford waliona hatari: timu moja ikishinda daima, nani atakuja kutazama? Wakamwomba Chapman akubali wengine wauziwe. Tangu 1968 timu nyingine ziliweza kuinunua, kwa pauni 7,500. Matokeo yake yalionekana 1969: mashindano yote 11 ya mwaka ule yalishindwa na DFV, lakini katika motokaa za namna nne, yaani Matra, Lotus, Brabham na McLaren.

Miaka ya 1970 injini za Ferrari za silinda 12 zilikuwa na nguvu zaidi, lakini DFV ilikuwa nyepesi na ilikunywa petroli kidogo, nayo ikaendelea kushinda. Mwisho injini za tabo ziliishinda. Ushindi wake wa 155, ndio wa mwisho katika Formula 1, ulipatikana Detroit mwaka 1983, Michele Alboreto akiendesha Tyrrell.

Basi wenzangu, mtakapochora mtambo wo wote, msiulize tu una nguvu kiasi gani. Ulizeni pia una uzito gani, na unaweza kufanya kazi ya kitu gani kingine.